Mavyaa ananiita mwizi, na mawifi wamemwamini

Assalamu alaykum, Bi Somo.

Mimi ni mkazamwana, naishi Langoni, Lamu, katika nyumba ya mavyaa yangu, mamake mume wangu. Niliingia humu nikiwa msichana, naye alinipokea kama mtoto wake wa kumzaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona kofia, na yeye ndiye aliyenilea arubaini nilipojifungua mtoto wa kwanza. Nayataja haya usije ukadhani nimekuja kumsengenya.

Alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Alhamdulillahi alisimama tena na sasa anatembea kwa bakora, lakini akili haikurudi kama ilivyokuwa. Kwanza alisahau majina ya wajukuu. Kisha akaanza kuamka usiku wa manane, ajitanda buibui, ataka kwenda kwa babake, mtaa wa Mkomani. Babake huyo alikufa kabla mume wangu hajazaliwa. Sasa imefika mahali ananiita mwizi.

Ilianza na bangili zake za harusi. Hazionekani, tukapekua nyumba nzima, mwisho nikazikuta ndani ya foronya ya mto wake. Nilifurahi, nikamvisha. Akanitazama akasema, "Umeogopa, ndiyo maana umezirudisha." Tangu siku hiyo kila mgeni anayebisha hodi anaambiwa: huyu ananiibia, huyu ananinyima chakula. Anayasema nami nimesimama pale pale na sahani mkononi.

Nina mawifi wawili, mmoja yuko Mombasa na mmoja Malindi. Walikuja wakati wa Maulidi. Mbele yao mavyaa alikaa kitako, akawaamkia vizuri, akauliza hali za waume na watoto, akacheka. Wakaniambia, "Mbona mama mzima? Nawe kila siku watulilia kwenye simu." Usiku akawaambia habari za bangili. Kulipokucha wifi mkubwa alifungua kasha, akahesabu dhahabu mbele ya macho yangu bila kunisemesha neno. Waliporudi makwao wakaandika kwenye kundi la familia kwamba mama yao amekonda na mali yake haina mlinzi. Na jirani mmoja amenidokeza kuwa wako wanaosema mimi nimemlisha kitu.

Mume wangu ni nahodha wa boti ya abiria, kati ya Lamu na Mokowe, ng'ambo ya bara. Hutoka alfajiri, hurudi magharibi. Nikimweleza hunijibu, "Vumilia, ni mama." Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayempandisha na kumteremsha ngazi, ninayeamka usiku. Kofia nimeziweka, maana mchana macho yanafumba yenyewe. Watoto ni watatu, na mdogo hajaanza shule.

Jirani huyo huyo ameniambia nimpe vidonge vya mafua usiku ili alale. Sijampa bado. Lakini linalonitisha kuliko yote ni hili: juzi alinitemea uji, nikahisi mkono wangu unainuka. Haukumfikia. Naogopa siku moja utamfikia.

Mama yangu mzazi yuko kijiji cha Matondoni. Nataka niende nikakae kwake, niwaachie mama yao wamwone. Je, nitapata dhambi? Na jina langu nitalisafisha vipi?

Mkazamwana, Langoni

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nianze na huo mkono, maana mengine yote yanaweza kungoja. Siku utakapouhisi tena unainuka, mkalishe mavyaa yako mahali ambapo hawezi kuanguka, kisha toka. Nenda uani, nenda barazani kwa jirani, nawa uso, kaa robo saa. Uji utapoa, na upoe. Mtu anayekatwa usingizi kila usiku hufika hapo ulipofika hata awe na subira ya namna gani, na aliyefika hapo hahitaji mawaidha, ahitaji mtu wa kumpokea zamu.

Na huo uji wenyewe hebu uutazame tena. Baada ya kiharusi koo huweza kulegea kama ulivyolegea mkono, na mgonjwa hutema kwa sababu amekabwa, ila maneno ya kukueleza hana. Mlishe akiwa amekaa wima, si kwa kuegemea mto. Uji uwe mzito kidogo, kijiko kiwe kidogo, ukipitishe upande wa mdomo wenye nguvu, usubiri ameze ndipo uongeze kingine. Akishamaliza asilale kwa nusu saa hivi. Kama hukohoa kila anapokunywa maji, mwambieni daktari, kwa sababu chakula kinachopita njia ya pumzi huleta homa ya mapafu. Huenda hata kule kukonda wanakokusuta nako mawifi kumeanzia hapo, kwenye koo.

Sasa bangili. Dalili ulizozitaja zafanana mno na maradhi ambayo madaktari huyaita dimenshia. Kiharusi ni mojawapo ya vitu vinavyoyaleta, kwa kuwa sehemu ya ubongo hukosa damu na haipati nafuu yote. Maradhi haya hula kumbukumbu za karibuni kwanza. Bangili za harusi anazikumbuka, ni za ujana wake. Kule kuzificha jana ndani ya foronya hakukumbuki kabisa. Akifungua kasha akikuta patupu, akili yake hutafuta sababu, na mtu aliye karibu kutwa nzima ni wewe. Ndiyo maana shutuma ya wizi humwangukia yule yule anayeuguza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi haya, na nyumba ambazo aliyeshika sahani ndiye anayeitwa mwizi ni nyingi kuliko unavyodhani.

Kwa hivyo usibishane naye. Ukimwambia "uliziweka mwenyewe" atasikia kuwa wamwita mwongo, na hasira itabaki hata akisahau chanzo chake. Mwambie, "Pole mama, ngoja tuzitafute." Tafuteni pamoja, na ukishaziona usizitoe wewe. Mwelekeze mkono wake mpaka azipate mwenyewe. Utagundua ana maficho machache tu anayoyarudia: mto, zidaka za ukutani, pengine pipa la mchele. Akisema hajala na amekula sasa hivi, sahani chafu usiharakishe kuiosha. Na kama hana sukari mpe tende moja au kipande cha boflo. Akianza habari ya kwenda kwa babake, usimkumbushe kifo. Kila ukimwambia, kwake msiba ni mpya. Mwulize, "Babako alikuwa mtu gani?" akusimulie, umpe maji, uone kama hiyo haja ya kutoka haitapoa. Wako watakaosema kufanya hivyo ni kumdanganya mzee. Mimi sioni udanganyifu wowote katika kumwuliza mtu habari za babake.

Kuhusu mawifi kumwona mzima: hawakusema uongo, waliona walichokiona. Maamkizi, kuulizia jamaa, kumkaribisha mgeni, hayo mwanamke wa Lamu ameyafanya tangu utotoni na yamo ndani kabisa, hayatoki mapema. Mgonjwa wa namna hii huweza kujikaza saa moja, hata siku mbili, mbele ya wageni anaowapenda. Wageni wakishaondoka huchoka akawa mbaya kuliko kabla. Anayekaa naye mfululizo ndiye huona. Na nikwambie kitu: wifi yako akilala naye wiki mbili, wewe ukiwa haupo, ataitwa mwizi yeye.

Jina lako halitasafishwa kwa kuapa. Mwambie mumeo awaite dada zake wote wawili, na mjomba wao au mtu mzima mwingine wanayemheshimu. Kasha lifunguliwe, kila kipande kipigwe picha kwa simu, kiandikwe, wote watie saini. Dhahabu ya kweli ihifadhiwe na mmoja wa watoto wake, si wewe, na isigawanywe, kwa kuwa mwenyewe yuko hai na mali ni yake. Mavyaa aachiwe bangili za bandia za kuvaa na kuficha apendavyo. Hilo walifanye kwa nusu saa, kisha wahamie kwenye jambo kubwa.

Ama hao wanaosema umemlisha kitu, waache. Mkitaka mwandikieni kombe la aya anywe, msomeeni, dua haina madhara. Ila asiachishwe dawa za presha kwa ajili ya kombe, maana presha isiyodhibitiwa ndiyo njia ya kiharusi cha pili.

Kabla ya kukubali kwamba yote ni dimenshia, apimwe. Maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, choo kigumu, tezi ya shingo iliyopunguza kazi, ukosefu wa vitamini B12, hata masikio yasiyosikia vizuri, vyote huweza kumvuruga mzee akili au kumzidishia mvurugiko, na vingi vina tiba. Shika hili hasa: akibadilika ghafla kati ya leo na kesho, awe anaona vitu au hajui usiku na mchana, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msiseme ni uzee. Kama kupita naye vichochoroni ni shida, muulizieni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Tangu 2023 serikali iliwagawia mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, na kazi yao ni kuwafuata watu majumbani.

Vile vidonge vya mafua usimpe. Vinavyoleta usingizi katika dawa hizo huwachanganya wazee zaidi na kuwapa kizunguzungu, na nyumba za mawe za Lamu, kwa ngazi zake nyembamba zenye vidato virefu visivyolingana, hazimsamehe anayepepesuka gizani. Badala yake, kitanda chake kiteremsheni msana wa chini, kile chumba kirefu cha chini, karibu na choo. Najua atalalamika, alizoea juu. Atazoea. Seremala awapigilie mbao ya kushika ukutani, na atengeneze kiti chenye tundu cha kuwekea ndoo chini, kwa haja za usiku. Taa iwashwe kabla giza halijaingia, kwa sababu magharibi ndiyo saa yake ngumu. Mchana atembezwe, asilale kutwa. Mlangoni funga njuga au kengele ndogo ilie akifungua. Usimfungie komeo akiwa peke yake ndani. Na waambie wenye maduka ya mtaani na wazee wa barazani: mkimwona Bibi anaelekea pwani, mshikeni mkono mrudisheni. Watu wa Nairobi hulipa walinzi kwa kazi hiyo. Ninyi mnao bure, ila mpaka waambiwe, na familia nyingi zinaona haya kusema.

Tuje kwenye dhambi. Aya inayosomwa kila mtu akitaka kumnyamazisha anayeuguza ni ya 23 ya Suratul-Israa, inayokataza kuwaambia wazazi wazee hata "ah!" Isomeni vizuri. Inasemeshwa kwa watoto, kuhusu wazazi wao. Masheikh wengi wanafundisha kuwa mke halazimiki kisheria kumhudumia mama wa mumewe. Akifanya ni ihsani, ana thawabu zake, na mume ni juu yake kushukuru. Basi mwenye wajibu katika nyumba hiyo ni nahodha, na dada zake wawili baada yake. Katiba ya Kenya nayo, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Familia nzima. Mkazamwana mmoja hakutajwa.

Mume wako nina neno naye, mwonyeshe. Baba, umesema "vumilia, ni mama." Ni mama yako wewe. Kumwogesha ni kazi ya wanawake, kwa stara nakubali. Lakini kumlisha uji wa jioni, kumpa dawa, kulala msana mmoja naye usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa ili mkeo alale, hakuna stara inayomkataza mwana. Na kwenye lile kundi la simu walipoandika kwamba mali haina mlinzi, wa kujibu ulikuwa wewe. Jibu sasa, hujachelewa. Andika: "Mke wangu hajaiba. Mama anaumwa. Njooni tupange."

Wakija kupanga, msiombe msaada kwa jumla, kwa sababu msaada wa jumla hujibiwa kwa pole ya jumla. Ombeni vitu vyenye siku na majina. Wifi wa Malindi aje wiki mbili, tarehe fulani hadi fulani. Akipanda basi asubuhi, jioni yuko Mokowe, na nahodha wa kumvusha ni kaka yake mwenyewe, hatatozwa nauli. Wa Mombasa aje zamu inayofuata. Asiyeweza kuja alipe mwanamke wa kulala na mama usiku, kila mwezi, kiasi kinachojulikana, si "nitaangalia nikipata." Wakisema watamchukua Mombasa, wafikirie mara mbili. Mgonjwa wa kumbukumbu huongozwa na nyumba anayoijua, miguu yake inakumbuka choo kiko wapi hata kichwa kikisahau. Ukimhamisha kwenye fleti ya ghorofa ya tatu utamwongezea hofu. Ni rahisi mabinti wazima kusafiri kuliko yeye.

Pesa za serikali zipo, chache. Mpango wa Inua Jamii humlipa aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Kama hajaandikishwa, mumeo aanzie kwa chifu na kitambulisho cha mama. Hazitoshi hata nepi za watu wazima, lakini ni zake. Aandikishwe pia SHA, bima ya afya ya serikali iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa asiye na ajira mchango hukadiriwa kwa hali ya nyumba, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hiyo 300 mawifi wasishindwe nayo.

Matondoni nenda. Ila usiende kwa kususa, kwa kumvizia mumeo arudi akute mlango wazi na mama yake peke yake gizani, maana hapo aliyeadhibiwa ni mgonjwa, na maneno watakayokupa watayapata kweli. Nenda kwa tarehe iliyotangazwa, wifi mmoja akiwa ameshafika na mmekaa pamoja siku mbili umwonyeshe kazi. Watoto nenda nao au uwaachie baba yao, chagua lipi litakupumzisha. Kisha iwe desturi, kila baada ya miezi michache, siyo ya mara moja ya dharura. Shirika lile lile la Afya Duniani lasema ndugu wanaouguza watu wa maradhi haya hutumia wastani wa saa 5 kwa siku. Kwa unavyonieleza, wewe zako 5 huwa zimekwisha kabla ya adhuhuri.

Kabla ya hayo yote, chukua karatasi uandike: dawa gani asubuhi na gani jioni, zinanunuliwa wapi, anakula nini na kwa namna gani, maficho yake, maneno yanayomtuliza, jina la mhudumu wa afya wa mtaa. Ibandike msana wa chini, pembeni mwa kitanda. Iandike leo, usingoje kikao, maana ukiugua wewe kesho hakuna mwingine humo ndani ajuaye kidonge cha presha ni kipi.